Juu ya Lupanga, Bado Chini ya Addis

Ukisimama mjini Morogoro na kutazama Uluguru, kilele cha Lupanga kinakuangalia kutoka mita 2,138. Wanaokipanda huanza alfajiri, wanapita mashamba ya migomba, wanaingia msituni, wanashikilia mizizi yenye utelezi, na wakifika juu, kama ukungu umekubali, wanajiona wameacha dunia nyuma. Sasa sikia hili. Uwanja wa ndege wa Bole, Addis Ababa, uko zaidi ya mita 2,300 juu ya usawa wa bahari. Yaani ndege kubwa, imejaa abiria na mizigo na mafuta ya kwenda Ulaya, inaanza kukimbia mahali palipo juu kuliko kilele cha Lupanga.

Nimeanza na mlima kwa sababu bila mlima hadithi hii haieleweki. Ni hadithi ya sura moja katika kitabu cha rubani, ile sura ya mipaka: uzito wa mwisho, mwendo wa mwisho, joto la mwisho, mita za mwisho. Kwa msomaji wa riwaya ni sura kavu kuliko zote. Haina sifa, haina tamathali, haina hata mhusika. Sentensi zake ni fupi kama amri za jeshi. Lakini ukiuliza kwa nini sentensi fulani imo humo, mara nyingi jibu ni tarehe na jina la mahali. Na baadhi ya mahali hapo ni kwetu, Afrika Mashariki.

Wapishi wa milimani wanaijua fizikia yake bila kwenda shule. Maji hayachemki kwa joto lilelile kila mahali. Pwani yanachemka kwenye nyuzi 100. Mjini Morogoro, kwenye mita 500 hivi, yanapungua kama nyuzi mbili. Juu Lupanga yangechemka kwenye 93 au karibu na hapo. Ndiyo maana maharage ya juu yanakula kuni nyingi kuliko ya chini. Hewa ya juu ni nyepesi, inakandamiza kidogo. Kwa mpishi hasara ni kuni. Kwa rubani hasara inakuja mara tatu kwa mpigo. Bawa linahitaji hewa ili libebe, na hewa imepungua. Injini inahitaji hewa ili isukume, nayo imepungua. Kwa hiyo ndege inabidi ikimbie zaidi ardhini kabla ya kunyanyuka, na ikibidi isimame ghafla, inasimama ikitoka kwenye kasi kubwa zaidi.

Hilo la tatu ndilo watu wanalolisahau. Siku ya jua la wastani Addis, hewa ina msongamano pungufu kwa karibu robo ukilinganisha na pwani. Kipima mwendo mbele ya rubani kinasoma namba ileile aliyoizoea Dar es Salaam, lakini lami chini yake inapita kwa kasi zaidi kwa kama asilimia 15. Na breki hazihesabu kama sisi tunavyohesabu. Kasi ikizidi kwa asilimia 15, joto ambalo breki zinapaswa kulimeza linazidi kwa karibu theluthi moja. Dereva yeyote aliyeteremka Kitonga na lori lenye mzigo, akanusa harufu ile ya breki zinazoungua, ameshaielewa hesabu hii kwa pua.

Kuna mfano wa karibu zaidi, mizani ya Mikese. Kila lori linalotoka Dar kuja Morogoro linaijua. Unapanda, unapimwa, ukizidi unalipa. Lakini mizani ya Mikese ni ya haki kwa namna moja ambayo mizani ya ndege haina: uzito ulioruhusiwa saa kumi na mbili asubuhi ndio ulioruhusiwa saa nane mchana. Ndege sivyo. Ndege ileile, kwenye njia ileile ya kurukia, inaruhusiwa tani nyingi alfajiri na tani chache jua likiwa utosini, kwa sababu joto nalo linaipunguza hewa. Rubani kabla ya kuondoka anatafuta majibu kadhaa. Muundo wa ndege wenyewe unabeba uzito gani? Njia hii, kwa urefu wake na mwinuko wake na upepo wa leo, inaruhusu uzito gani? Injini moja ikifa baada ya kunyanyuka, ndege itaendelea kupanda ikiwa na uzito gani? Breki na matairi yatahimili uzito gani? Namba iliyo ndogo kuliko zote ndiyo inayotawala. Zile nyingine hata ziwe kubwa namna gani, hazina sauti.

Tunao msemo kwetu, ajali haina kinga. Tunausema msibani kwa nia njema, kumfariji aliyefiwa, na sina ugomvi na kufariji. Lakini kama maelezo ya namna ndege zinavyoanguka msemo huo hausemi kweli, na historia ya anga letu inaukataa karibu kila ukurasa.

Milima ya Uluguru iliziona ndege mapema. Majeshi ya Smuts yalipoingia Morogoro tarehe 26 Agosti 1916, yakiwafuata Wajerumani waliokuwa wakirudi nyuma kuzunguka milima, yalikuwa na kikosi cha anga chenye ndege za BE2c. Zilikuwa ndege za mbao na kitambaa, injini yake ina nguvu za farasi 90, pungufu ya pikipiki kubwa za leo. Zilibuniwa kwa ajili ya baridi ya Uingereza, zikaletwa kwenye joto la bonde la Mgeta na Ruvu. Hapo suala la mipaka halikuwa la kitabu. Ulijaribu, na kama haikunyanyuka, uliteremsha mzigo.

Baada ya vita ya pili mambo yakawa ya serikali. Shirika la Ndege la Afrika Mashariki lilianza mwaka 1946, mali ya pamoja ya Kenya, Tanganyika, Uganda na Zanzibar. Likarusha ndege za Dakota, na mwaka 1955 moja kati ya hizo, iliyokuwa ikitoka Dar es Salaam kwenda Nairobi, ikajigonga kwenye Kilimanjaro. Watu wote 20 waliokuwemo wakafa. Hapo mpaka ulikuwa wa aina nyingine, urefu wa chini kabisa unaoruhusiwa juu ya milima. Kanuni ya kimataifa leo inataka walau mita 600 juu ya kizuizi kirefu kuliko vyote, ikiwa nchi ni ya milima. Kwa Uluguru, ambako Kimhandu kinazidi mita 2,600, rubani anayepita ndani ya mawingu hana ruhusa ya kushuka chini ya mita 3,200 hivi. Sisi wa chini tunaona tu mstari mweupe ukikatiza juu ya Bondwa. Huko juu kuna mtu ameshaisoma namba ya mlima wetu.

Jeti zilianza mwaka 1960 kwa Comet 4. Kisha ikaja ndege ambayo, kwa maoni yangu, ilibuniwa na watu walioielewa Afrika kuliko waliowatangulia: VC10 ya Vickers. Shirika la Uingereza la BOAC lilitaka jeti ya kwenda kwenye viwanja vyenye joto na mwinuko, kama Kano, Nairobi na Johannesburg, ambako jeti za Marekani za wakati ule zilihangaika. Embakasi, Nairobi, uko mita 1,624. Wabunifu wakazihamisha injini zote nne hadi mkiani, ili bawa libaki tupu, lijae vibawa vya kuongeza ubebaji kwenye mwendo mdogo. VC10 ya kwanza iliruka tarehe 29 Juni 1962 ikitoka Brooklands, uwanja wa kiwanda wenye njia fupi ajabu. Iliwezekana kwa sababu ndege ilikuwa nyepesi: hakuna abiria, hakuna mizigo, mafuta kidogo. Ndege haina uwezo mmoja. Ina uwezo kwa uzito huu, mahali hapa, saa hii.

Afrika Mashariki ilinunua tano za aina ndefu, Super VC10, ambayo uzito wake wa mwisho wa kuruka ulikuwa karibu tani 152. Ukizisoma namba zake za usajili unaona siasa yote ya Jumuiya. Mbili zilikuwa na 5X ya Uganda, mbili 5H ya Tanzania, moja 5Y ya Kenya. Ya tano, iliyokamilika mwaka 1970, ndiyo iliyokuwa VC10 ya mwisho kutengenezwa duniani, na ilisajiliwa 5H-MOG. (Watani wa Morogoro watataka kujidai kwa hizo herufi tatu. Jidaini tu, hazilipiwi ushuru.)

Ya kwanza kati ya hizo, 5X-UVA, ndiyo inayotupeleka Addis.

Tarehe 18 Aprili 1972 ilikuwa ikitoka Nairobi kwenda London kupitia Addis Ababa na Roma. Ndani mlikuwa na watu 107. Ilipokuwa ikikimbia kwenye njia ya kurukia pale Bole, gurudumu la mbele lilikanyaga kipande cha chuma. Kilikuwa kimedondoka kutoka kwenye ndege ndogo ya Cessna iliyopita hapo kabla, ni kile kipande ambacho fundi hukitumia kuwekea jeki. Tairi la mbele likapasuka. Mlio, mtikisiko. Kapteni akaamua kusimama.

Hapa inabidi nieleze V1, kwani ndiyo namba nzito kuliko zote katika sura ya mipaka. Ni mwendo unaohesabiwa upya kwa kila safari. Kabla ya kuufikia, tatizo kubwa likitokea, unaweza kukatisha, na njia iliyobaki itakutosha kusimama. Ukishaupita, unaruka tu, hata kama injini moja imekufa, maana lami iliyobaki haitoshi tena. Mikono ya kapteni huondoka kwenye vishikio vya injini sekunde hiyo, asije akashawishika. V1 kwa hiyo ni ahadi. Inasema: ukikata shauri kabla ya hapa, utasimama.

Lakini nani anatoa ahadi hiyo? Si rubani. Ni mbunifu aliyezipima breki. Ni aliyepima urefu wa njia. Ni mfagiaji wa njia hiyo. Na ni fundi, mtu wa ovaroli, ambaye siku fulani alizifungua breki na kuzifunga tena.

Ndege ya 1972 haikusimama. Ilipita mwisho wa njia, ikavuka mtaro, ikapasuka tangi la mafuta, ikaanguka kutoka kwenye tuta la takriban mita 11 na kuwaka moto. Watu 43 walikufa, 64 waliokoka. Wachunguzi hawakuandika kwamba sababu ni uamuzi wa kapteni, wala hawakuishia kwenye tairi lililopasuka. Waliandika kwamba breki zilipoteza sehemu ya nguvu zake, kwa kuwa sehemu ya mfumo wa breki ilikuwa imeunganishwa vibaya baada ya kufunguliwa, na kwa hiyo ndege haikuweza kusimama katika umbali uliobaki.

Nimeirudia sentensi hiyo mara nyingi kichwani. Kitabu cha rubani kilikuwa sahihi. Hesabu ya hewa nyepesi ilikuwa sahihi. Ila kitabu kilikuwa kinazungumzia ndege nyingine, ile yenye breki nzima, na rubani hakuwa na namna yoyote ya kujua kwamba iliyo chini yake siyo hiyo. Pwani, kwenye hewa nzito na mwendo mdogo zaidi wa ardhini, pengine breki zilezile zenye kasoro zingetosha na pasingekuwa na hadithi. Addis, juu ya usawa wa Lupanga, hapakuwa na akiba. Mwinuko haukuzidhoofisha breki. Ulizidai tu deni lote kwa siku moja.

Basi ajali haina kinga? Kinga zilikuwapo tatu au nne, zimepangwa kwa mstari: kufagia njia, kukagua Cessna, kufunga breki sawasawa, kukagua kazi ya aliyefunga. Zote zilihitaji mtu wa kawaida, kwenye siku ya kawaida, kufanya kazi ambayo hakuna atakayempongeza kwayo.

Miaka miwili na nusu baadaye ikawa zamu ya Nairobi. Tarehe 20 Novemba 1974, Boeing 747 ya Lufthansa, yenye watu 157, ilinyanyuka kutoka Embakasi, ikatetemeka, ikagoma kupanda, ikaanguka mbele kidogo ya njia. Watu 59 walikufa. Ilikuwa ajali ya kwanza ya 747 kuua watu. Sababu: vibawa vya mbele ya bawa havikuwa vimetoka. Kwenye 747 vibawa hivyo vinaendeshwa kwa hewa yenye shinikizo kutoka kwenye injini, na vali za hewa hiyo zilikuwa zimefungwa. Mpaka uliovunjwa ulikuwa wazi kabisa, hauruki bila vibawa hivyo. Shida ni kwamba ndege haikuwa na king'ora cha kumwambia mtu kwamba anaruka bila hivyo. Mpaka uliandikwa kwenye karatasi na haukuandikwa kwenye chuma. Baada ya Nairobi, Boeing waliongeza onyo. Kila 747 iliyoruka baadaye, popote duniani, ilibeba kipande kidogo cha Embakasi ndani yake.

Si kila mpaka uliokanyagwa umemwaga damu. Desemba 2013 Boeing 767 ya Ethiopian Airlines, ikiwa na zaidi ya watu 200, ilikuwa inakwenda Kilimanjaro, yenye njia ya mita 3,600. Njia hiyo ilikuwa imezibwa na ndege ndogo iliyoharibika. Ile 767 ikaja kutua kwenye uwanja wa Arusha mjini, wenye njia ya kama mita 1,600, viwanja vya ndege ndogo za watalii. Ilisimama, ikaishia kwenye nyasi, hakuna aliyeumia. Picha zilizunguka sana na watu wakacheka. Kilichonivutia mimi ni kilichofuata. Ndege ile iliondoka kwa kuruka, baada ya kuwa tupu na nyepesi. Njia iliyokuwa haramu kwayo ilipojaa ilikuwa halali ilipokuwa tupu. Brooklands ya 1962 ikajirudia chini ya Mlima Meru, na sidhani kama wengi pale walitambua.

Halafu, Addis tena. Tarehe 10 Machi 2019, Boeing 737 MAX ya Ethiopian iliondoka Bole kwenda Nairobi. Dakika sita baadaye watu wote 157 walikuwa wamekufa, wakiwemo Wakenya 32. Kuna kompyuta katika ndege ile, MCAS, iliyokuwa ikisikiliza kihisi kimoja tu cha pembe ya hewa. Kihisi kikadanganya, kompyuta ikasukuma pua chini, ikasukuma tena. Ndege ya aina hiyo ilikuwa imeanguka Indonesia Oktoba 2018 na kuua 189, na ni baada ya hapo tu ndipo marubani wengi duniani walisikia kwamba kompyuta hiyo ipo. Haikuwa kwenye kitabu chao.

Katika dakika hizo sita mpaka wa mwendo nao ulivukwa. Mwendo wa mwisho wa 737 MAX ni noti 340, yaani maili 340 za baharini kwa saa, na ndege ilikuwa imezidi hapo. Kwa kasi hiyo upepo ulikuwa umelikandamiza bawa la mkiani kiasi kwamba gurudumu la kulirekebisha kwa mkono halikuzungushika. Wachunguzi wa Ethiopia waliilaumu MCAS. Wamarekani na Wafaransa walikubali hilo lakini wakataka iandikwe pia namna marubani walivyoishika ndege, mwendo ukiwemo. Mimi nasimama karibu zaidi na Waethiopia. Kumlaumu mtu kwa kuvuka mpaka mmoja ulioandikwa, wakati anapigana na mwingine ambao mtengenezaji aliuacha nje ya kitabu, ni kusoma ukurasa mmoja na kuchana wa pili. Lakini namba 340 ilikuwapo, na fizikia haikuangalia nani ana haki.

Tukirudi kwenye zile VC10, Shirika la Afrika Mashariki lilikufa mapema mwaka 1977, miezi michache kabla ya Jumuiya yenyewe. Tanzania ikaanzisha shirika lake Machi mwaka huohuo. Ndege nne zilizobaki zikarudi Uingereza, zikanunuliwa na jeshi la anga na kugeuzwa vituo vya mafuta vinavyoruka, zikamimina mafuta kwenye ndege nyingine angani kwa miaka mingi. Iliyokuwa 5H-MMT, iliyowahi kubeba bendera ya Tanzania, ndiyo iliyofanya safari ya mwisho kabisa ya VC10 duniani, tarehe 25 Septemba 2013. Siku moja kabla, iliyokuwa 5H-MOG ilitua Dunsfold, kusini mwa Uingereza, na kukabidhiwa kwa makumbusho ya Brooklands. Hairuki tena. Imewahi kuwashwa injini mbele ya watazamaji, ikakimbia kwenye lami, kisha rubani akakanyaga breki.